"Could" na "was able to" si zote ni niliweza?

Wakuu habari za muda huu. Naandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, kuna sehemu nimeweka "Last year I could finish the project before the deadline", jamaa kaisoma kasema hapo ni "was able to", namuuliza kwa nini ananijibu eti inasikika vizuri tu. Sasa hiyo ndo sababu gani? Halafu kanikatia na "I became to like teamwork", anadai hakuna kitu kama hicho. Mwenye kujua anisaidie.

Jibu 1
Jamaa yako yuko sahihi ila kashindwa kuelezea. "Could" ni uwezo uliokuwa nao kwa ujumla, uutumie usiutumie: "I could swim when I was five". Tukio moja, umejaribu na likawezekana, hapo ni "was able to" au "managed to". Ila kwenye barua ya kazi mimi ningeandika "I finished the project before the deadline" basi, kazi ushaimaliza, habari za kuweza za nini tena?

Jibu 2
Naongezea hapo kwa mkuu, kwenye kukanusha huo mpaka haupo, "I couldn't finish" ni sawa hata kwa tukio moja. Kuona na kusikia nako hivyohivyo, "I could hear them arguing" haina shida. Kitu kinachonikera mimi ni "will can", watu wanaiandika kweupe kabisa, jamani "will be able to"!

Jibu 3
Kuhusu "became", baada yake inakuja nomino au kivumishi, "became a manager", "became confident". Ukitaka kitenzi sema "I came to like teamwork". Na kama umeweka "used to" iangalie vizuri, "I used to work at night" maana yake zamani ulifanya ila siku hizi hufanyi, "I am used to working at night" ni umeshazoea. Ukizichanganya mwajiri anaelewa umeacha kitu ambacho wewe unajisifia nacho, na hakupigii simu kukuuliza.

Muuliza swali
Asanteni sana wakuu. Na kukanusha je, "didn't used to" au "didn't use to"?

Jibu 3
"Didn't use to", bila d, kwa sababu wakati uliopita ushabebwa na "did". Utakutana nayo yenye d sehemu nyingi tu ila kwenye barua rasmi itoe.