Je, kumlazimisha asiye na ajira afanye kazi bila ujira humsaidia kuajiriwa?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, zipo serikali zinazomtaka anayepokea posho ya ukosefu wa ajira afanye kazi aliyopangiwa, na akikataa posho husitishwa. Hoja yao ni kwamba atapata nidhamu na uzoefu, na hatimaye mwajiri atamchukua. Je, ndivyo inavyotokea?

Mchambuzi: Kwa ninavyoufahamu ushahidi, mara nyingi sivyo. Mwaka 2011 Uingereza ilianzisha mpango wa kumpangia mtu kazi ya hadi saa 30 kwa wiki, kwa muda wa wiki 4. Tathmini ya wizara husika ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba baadhi ya watu waliacha kudai posho kwa kipindi kifupi, lakini uwezekano wao wa kuajiriwa haukuongezeka. Orodha ya wanaolipwa posho ikipungua, haimaanishi kwamba waliotoka wamepata kazi, na inasikitisha kuona mambo hayo mawili yakichanganywa kila mara.

Bi Tumaini: Naafiki, na sababu mojawapo iko wazi: kazi hiyo humnyang'anya mtu muda wa kutafuta kazi. Anayepanga bidhaa kwenye rafu kutwa nzima hana nafasi ya kupokea simu ya mwajiri wala kujiandaa kwa usaili, na akimaliza huenda akapewa barua inayothibitisha mahudhurio tu, isiyotaja stadi hata moja. Tena mwenye duka anayeletewa mtu wa bure atatangaza nafasi ya mshahara kwa sababu gani?

Mzee Salim: Hata hivyo, tusiikatae misaada yote kwa pamoja. Wanauchumi David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber, katika uchambuzi wao wa tafiti zaidi ya 200 uliochapishwa mwaka 2018, walikuta kwamba ajira za muda katika sekta ya umma zina manufaa madogo, ilhali mafunzo huanza kuonyesha matokeo mazuri miaka 2 au 3 baada ya kukamilika, na ruzuku kwa waajiri binafsi nayo hufanya vizuri zaidi.

Mdadisi: Nashukuru. Na kwa aliyekaa miaka mingi bila kazi?

Mzee Salim: Huyo ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa kuwa waajiri humwogopa kabla hawajamwona. Apewe kazi halisi yenye mshahara na mafunzo, na haki yake ya kutoka kwenda kwenye usaili iandikwe kwenye mkataba.