Naomba ushauri: mama wa shujaa wangu aijue siri lini, na aijueje?

Mchoraji Kiza

Wakuu habari zenu. Ninaandika na kuchora komiki yangu mwenyewe ya shujaa mwenye barakoa, na nimefika kwenye uamuzi ambao nikishaupaka wino haurudi nyuma. Naombeni mawazo.

Shujaa wangu ni binti wa miaka 19, anaitwa Neema. Uwezo wake uko masikioni. Anasikia kupitia kuta, anasikia mtu anayelia majengo matano mbele, akitulia vizuri anasikia hata zaidi. Ndivyo anavyojua nani anahitaji msaada. Usiku anavaa barakoa anatoka. Nyumbani wako mama na mdogo wake wa kiume, Baraka. Baba aliondoka siku nyingi, na mama huwaambia watoto kwamba hata simu hapigi.

Mama hajui lolote. Anachokiona ni binti anayechelewa kurudi, aliyekosa mahafali ya mdogo wake, anayekuja na shavu limevimba na kusema kateleza. Ameshaamini kuwa Neema kaingia kwenye kundi baya. Hawagombani tena, wamefika hatua ya kupishana tu mlangoni, ambayo naona ni mbaya kuliko kugombana.

Nina njia tatu: (a) mama asijue kamwe, (b) ajue kwa bahati mbaya, (c) adui amuue mama, ajue dakika ya mwisho akiwa mikononi mwa Neema. Mwenzangu tunayesaidiana hadithi ameishikilia (c), anasema itawaliza watu. Mimi moyo unasita lakini sina hoja ya kumjibu. Nipeni hoja.

Kibonzo Sugu

Hoja hii hapa. Mwaka 1999 Gail Simone, kabla hajawa mwandishi wa komiki, alikusanya orodha ya wanawake wa kwenye komiki waliouawa, kuumizwa au kunyang'anywa uwezo wao. Kilichompa jina la orodha ni toleo la Green Lantern la mwaka 1994, ambamo shujaa mwenyewe, Kyle Rayner, anarudi nyumbani na kukuta mpenzi wake ameuawa na kusokomezwa kwenye friji. Orodha ilikuwa ndefu mno. Mama wa Neema akifa hivyo, anaingia kwenye foleni ambayo wasomaji wameshaichoka.

Halafu tazama unachopoteza. Mwaka 2004 baba yake Tim Drake, yule Robin wa tatu, msaidizi wa Batman, aligundua mwanawe anafanya nini usiku. Akamfuata Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, na bunduki mkononi. Tim akalazimika kuvua vazi. Hapo palikuwa na hadithi tamu sana: mtoto aliyeacha kazi anayoipenda ili abaki na baba yake, na baba anayejua amemnyima mtoto kitu gani. Mwaka haukuisha, baba akauawa kwenye komiki ya Identity Crisis. Nililia, ndiyo. Lakini ile hadithi ya baba na mwana nimeidai mpaka leo.

Mzee wa Matoleo

Mimi natetea (a), mnipige mawe. Siri ndiyo injini. Superman alitoka mwaka 1938 na Lois Lane, mwanamke anayempenda, alikuwemo toleo lile lile la kwanza. Clark Kent, yaani Superman akiwa mtu wa kawaida mwenye miwani, alikuja kumwambia ukweli mwaka 1991, wakiwa tayari wachumba, na wakaoana 1996. Miongo yote ile kabla ya hapo hadithi ziliendeshwa na jambo moja: mtu anayempenda amesimama mbele yake na hamuoni. Ukimwambia mama toleo la tano, toleo la sita utaandika nini?

Kibonzo Sugu

Mzee wangu, heshima yako, lakini umeruka jambo. Clark ana Jonathan na Martha Kent, wazazi waliomlea. Wanajua tangu yuko mtoto. Ana nyumba moja duniani ambako miwani inavuliwa, ndiyo maana siri yake haimli moyo. Neema hana nyumba hiyo. Ukichagua (a) bila kumpa hata mtu mmoja, baada ya muda msomaji atamuona mkatili tu, siyo shujaa.

Mzee wa Matoleo

Basi apewe mdogo wake. Baraka ajue, mama asijue.

Bint Wino

Jamani, huyo mtoto mtamtwisha nini! Akijua, kila siku mama akiuliza "dada yako yuko wapi" naye inabidi adanganye. Hiyo ni hadithi nzuri pia, ila ni hadithi nyingine.

Mchoraji, kabla hujachagua katafute Amazing Spider-Man ya kipindi cha J. Michael Straczynski, mchoraji John Romita Jr. Mwaka 2001 toleo la 35 linaisha kwa Shangazi May, aliyemlea Peter Parker (ndiye Spider-Man), kumkuta Peter amelala hoi, mwili wote majeraha, na vazi la Spider-Man lililochanika liko pale pale. Hakuna adui aliyemvua barakoa juu ya ghorofa. Mama wa watu kaingia tu. Kisha toleo la 38, la mwaka 2002, karibu lote ni watu wawili wanaongea ndani ya nyumba. Jaribu kumshawishi mhariri yeyote akubali hilo kwenye komiki ya mashujaa.

Sasa sikiliza yanayosemwa mle. Msomaji anajua Peter ndiye mwenye la kuungama, na anaungama: yule mwizi aliyemuua Mjomba Ben, mume wa May, yeye alikuwa na nafasi ya kumzuia akamwacha apite. Hilo tunalijua tangu 1962. Kumbe May naye ana lake. Usiku ule yeye na Ben walikuwa wamegombana, Ben akatoka nje, na miaka yote hiyo mwanamke huyu amejihesabia kwamba yeye ndiye aliyemtuma mumewe kwenye kifo. Nyumba moja, wafiwa wawili, kila mmoja amejifungia na hatia ya kifo kimoja, na kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kutojua.

Kilichonikaa ni hiki: uongo wa Peter haukumficha yeye peke yake. Ulimziba May mdomo. Utamwambiaje lako mtu ambaye kila ukimsogelea anatafuta kisingizio cha kuondoka?

Kwa hiyo swali lako la "mama ajue lini" naligeuza. Mama wa Neema yeye anaficha nini? Kwenye maelezo yako yote mama hana kazi nyingine ila kusubiri aambiwe. Mtu wa namna hiyo hata ukimuua hatuoni kilichopungua.

Chongo

Swali dogo. Binti anasikia majengo matano mbele. Mama anaongea nini chumba cha pili, hasikii?

Mchoraji Kiza

Anasikia akitaka. Nimempangia kwamba nyumbani anajizuia, anaona ni adabu.

Chongo

Miaka yote? Mama anamlilia kwenye simu dada yake usiku, "mwanangu amenipotea", na binti aliyelala ukuta wa pili anajizuia? Mimi ningesikiliza. Wewe pia.

Bint Wino

Chongo, umemaliza kazi!

Mchoraji, hii ndiyo siri yako, ile ya barakoa ni ya pili. Mama akigundua kwamba Neema ndiye anayerukaruka usiku, ataogopa, atakasirika, mwisho pengine atajivuna. Lakini baada ya hofu kupoa atakaa ahesabu: kwa hiyo ulikuwa unasikia. Nilipokuwa nazungumza na dada yangu. Nilipokuwa nasali. Nilipokuwa nalia bafuni nimefungulia maji makusudi ili msinisikie. Ulikuwa unasikia vyote, na asubuhi unakuja mezani unasema "shikamoo mama" kama hakuna kitu. Hapo ndipo pa kumkosesha mtu usingizi. Peter Parker hana kosa hili, Clark Kent analo lakini wazazi wake walimlea wakijua. Wewe umelipata kwa sababu ya uwezo uliomchagulia, usilitupe.

Na yule baba "asiyepiga simu". Je, kama anapiga? Mama anapokea usiku kwa sauti ya chini, anawaficha watoto kwa sababu zake, na Neema amejua tangu siku ya kwanza. Sasa wote wawili wanaongopeana, tofauti ni kwamba mmoja anaujua uongo wa mwenzake.

Msomaji Kimya

Niongeze la tahadhari. Mkishafika kwenye kuambiana, msifanye ukweli uwe dawa ya papo hapo. Miles Morales, yule kijana aliyekuwa Spider-Man mwingine, mama yake alijua akiwa anakata roho, mwaka 2013, na akamuusia asimwambie baba yake. Miles aliacha uspider-man kwa muda. Baadaye alipojikaza akamwambia baba, baba akamtupia lawama za vifo vya familia, akaondoka. Mtoto kasema ukweli, kabaki peke yake. Baba alikuja kurudi, na aliporudi alikuwa na historia yake mwenyewe ya kusimulia, mambo ya ujanani ambayo mwanawe hakuyajua. Dada Bint Wino anaona inavyoafikiana na alichosema.

Mwandishi aliyetulia huacha matoleo kadhaa kati ya ukweli kusemwa na watu kusameheana. Usiogope ule ukimya wa katikati.

Mzee wa Matoleo

Na msisahau upande wa pili wa shilingi, Invincible ya Robert Kirkman. Pale mtoto na mama wanajua kila kitu: baba ni Omni-Man, mlinzi wa dunia, hamna barakoa ndani ya nyumba. Kumbe barakoa ilikuwa ule ulinzi wenyewe, baba ametumwa kuja kuitawala dunia. Anayenisikitisha zaidi ni Debbie, mke. Yeye alidhani yuko upande wa wenye kujua. Komiki ile ilianza 2003 ikaisha 2018, na jeraha la nyumba ile halikuondoka katika matoleo yote 144.

Kibonzo Sugu

Mzee umegeuka sasa, karibu kambini.

Mimi nina moja tu la kuongeza, kuhusu kurudi nyuma. Ukishamwambia mama, usije ukamsahaulisha. Spider-Man alijivua barakoa mbele ya dunia nzima mwaka 2006, May akapigwa risasi, na mwaka 2007 ndoa ya Peter na Mary Jane ikafutwa kwa mapatano na shetani ili shangazi apone na siri irudi. Mpaka leo taja hilo mbele ya wasomaji wa zamani uone. Walikasirishwa na shetani, sawa, lakini zaidi ni kwamba yale mazungumzo mazuri ya 2002 yalifutika kichwani mwa May kana kwamba hayakuwahi kutokea.

Nukta Tatu

Mnasema mama "agundue". Kwani hawezi kuwa ameshajua? Kamala Khan, binti shujaa wa komiki ya Ms. Marvel, alipoona dunia inakwisha mwaka 2015 akaamua amwambie mama yake. Mama akamjibu kwamba anajua, siku nyingi. Yule binti alikuwa anajiona mjanja toleo baada ya toleo, na mama ananyamaza tu akisubiri aletewe.

Mchoraji Kiza

Nukta Tatu, hili limeniwasha taa. Mama wa Neema si mjinga, nimekuwa nikimchora macho yake yanaona kila kitu. Nawaza hivi: mama ameanza kushuku masikio, siyo barakoa. Ameona binti anageuka kabla hajaitwa. Ameona anajua habari ambazo hakuwepo zikisemwa. Basi usiku mmoja anampima. Yuko jikoni, maji yanatiririka kwenye sinki, amempa mlango mgongo, ananong'ona: "Neema, baba yako anaumwa." Na ghorofani kitu kinaanguka sakafuni.

Je, itaeleweka bila maelezo?

Bint Wino

Itaeleweka ikiwa utaichora vizuri. Mnong'ono mpe kiputo chenye mstari wa vipande vipande, herufi ndogo, sauti ya maji iandike kubwa mpaka ikaribie kuumeza. Huo mnong'ono uwe fremu ya mwisho chini ya ukurasa wa kulia. Msomaji afunue ndipo aone Neema kaangusha kikombe. Usiweke kisanduku cha mawazo yake hapo, wala cha mama. Ukiandika "kumbe anasikia" umeharibu.

Na mama asipande ngazi. Afunge bomba tu.

Chongo

Wengi watasomea kwenye simu, ukurasa wa kulia hakuna. Weka kila fremu peke yake basi, watelezeshe kidole.

Msomaji Kimya

Lingine: baba awe anaumwa kweli. Ikiwa mama amebuni ugonjwa ili amnase mtoto, lawama itamhamia yeye na Neema atapata pa kujifichia. Ikiwa ni kweli, jaribio na habari mbaya vinafika kwa pamoja, na hakuna kati yao anayejua aanze na lipi.

Mchoraji Kiza

Awe anaumwa kweli, nimekubali. Nimeirusha kwa mwenzangu sasa hivi. Amesema ni nzuri ila bado anataka mtu mmoja afe kabla ya toleo la sita.

Kibonzo Sugu

Mpe adui.