Je, virusi vya kale vilichangia kutoweka kwa wanyama wa zamani?

Mwalimu wa Kasarani
Hamjambo ndugu zangu. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu Makumbusho ya Taifa, na tuliposimama kando ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit, msichana mmoja akaniuliza kama mamothi, wale jamaa wa kale wa ndovu, waliuawa na ugonjwa. Najua kwamba mwaka 1997 Ross MacPhee na Preston Marx walitoa hoja kuwa binadamu, au wanyama walioandamana nao, waliingiza maradhi mageni katika mabara walikohamia, yakawamaliza wanyama wa huko. Je, hoja hiyo ina uzito? Nataka kumjibu mtoto huyu kwa ukweli.

Daktari wa Mifugo
Mwalimu, mimi ningeanza na sotoka, ile tauni ya ng'ombe ambayo huwashika pia wanyama pori. Virusi vyake viliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na haikupita miaka kumi vikawa vimefika kusini mwa bara, huku Wamaasai wakibaki na maboma matupu. Miaka ya 1990 niliwaona kwa macho yangu nyati wa Tsavo wakichuruzika machozi na matongo, na tandala waliopofuka wakijigonga vichakani. Hata hivyo nyati hawakutoweka, na nyumbu wa Serengeti, ng'ombe wa jirani walipochanjwa, waliongezeka hadi kupita milioni moja. Wanyama wakipungua sana, virusi hukosa wa kumwambukiza, navyo hukoma kabla ya kummaliza wa mwisho.

Mtafiti wa Visukuku
Nakubaliana na Daktari kuhusu bara, ila kisiwani hakuna pa kukimbilia. Katika Kisiwa cha Christmas, panya wa asili aitwaye Maclear alitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya panya weusi walioletwa na meli kumwambukiza vimelea vya trypanosoma; vinasaba kutoka ngozi zilizohifadhiwa vimeonyesha maambukizi hayo. Vimelea hivyo si virusi, lakini vinathibitisha kwamba maradhi yanaweza kufuta spishi.

Kuhusu mamothi, hakuna kirusi kilichopatikana ambacho kinaweza kulaumiwa. Takriban asilimia 8 ya jenomu yetu, yaani jumla ya vinasaba vyetu, ni mabaki ya virusi vya kale, lakini hayo ni makovu ya walionusurika. Waliokufa wote hawakumrithisha mtu kitu. Aidha, Amerika Kaskazini ilipoteza mamothi, farasi na ngamia kwa pamoja, na ni vigumu kuamini kwamba ugonjwa mmoja uliwapata wanyama wa koo tofauti hivyo. Mimi naona ugonjwa ungeweza tu kuwaongezea mzigo waliokuwa tayari wakiwindwa na kubanwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Mwonyeshe mtoto huyo ndovu, Mwalimu: mimba yake huchukua miezi 22, kwa hiyo kila jike anayekufa huacha pengo lisilozibika upesi.