Kuvuta taarifa za mteja kwenye huduma ya malipo: tokeni, HMAC au RSA?

fundi_vipuri
Wakuu, habari za asubuhi. Nina duka la vipuri vya pikipiki, nauza mtandaoni Dar na mikoani. Mteja akishalipa, nataka mfumo wangu uiulize huduma ya malipo wenyewe: aliyelipa ni nani, namba yake ipi, mzigo uende wapi. Sasa hivi kijana wa dukani anafungua dashibodi na kunakili kwa mkono. Wiki iliyopita mzigo wa Mbeya umeshukia Morogoro.

Nimesoma nikaona njia tatu. Kuna tokeni (mfuatano wa herufi wa kukutambulisha) unayoiambatisha kwenye kila ombi, kuna kusaini kila ombi kwa siri mnayoijua wewe na wao (HMAC), na kuna kusaini kwa ufunguo wako binafsi wa RSA, wao wakabaki na ule wa umma. Mnatumia ipi? Tuko watatu, na anayeandika msimbo ni kijana tunayemlipa kwa kazi, si mwajiriwa.

nbi_msimbo
Boss, kwanza tenganisha vitu ambavyo watu huvichanganya. Daraja ya Safaricom (mlango wa kuunganisha mfumo wako na M-Pesa) haikudai usaini ombi. Unachukua tokeni, inaishi sekunde 3599, unaiweka kwenye heda (maelezo yanayotangulia ombi), basi. Ile Password ya STK (ombi la malipo linalochomoza kwenye simu ya mteja) ni namba ya biashara, passkey uliyopewa na muda vikiunganishwa na kugeuzwa base64, yaani kuandikwa upya kwa herufi nyingine. Hiyo si saini, na si siri pia, mtu yeyote anaigeuza kinyume. Nimeshakaa kwenye kikao mtu akijisifu kwamba "maombi yetu yote yamesainiwa" kwa sababu ya hiyo tu.

Stripe, huduma ya malipo ya kimataifa, nao hawasainishi ombi: ukiwa na ufunguo wa siri unasoma wateja wote. Nafuu ni kwamba wanakuruhusu kutengeneza ufunguo wenye mipaka, wa kusoma wateja tu, usioweza kurudisha pesa. Kwa duka la watu watatu mimi ningeanza na tokeni nilale.

Mama Seva
Ya base64 nakuunga mkono, ya kulala hapana. Tokeni ni kama tiketi ya basi isiyo na jina, aliyeishika ndiye msafiri.

Fundi, kwa kuwa uko Tanzania huenda ukaangukia Selcom, huduma ya malipo ya hapo hapo. Pale kila ombi linabeba Timestamp, Digest-Method, Digest na Signed-Fields, hiyo ya mwisho ikitaja sehemu ulizosaini na mpangilio wake. Unaandika timestamp=..., unafuatisha &sehemu=thamani kwa mpangilio ule ule, unapitisha HMAC-SHA256, kisha base64. Mtu akilidaka ombi akabadili order_id ili achungulie oda ya mwenzake, saini inagoma. Siri yenyewe haisafiri kabisa.

Sasa machozi yanatoka hapa. Lugha nyingi za msimbo zinakupa HMAC kwa heksa (0-9 na a-f), herufi 64. Wao wanataka base64 ya baiti ghafi, yaani herufi 44. Ukihesabu saini yako ukakuta 88, umeigeuza heksa kuwa base64, usihangaike kutafuta kosa kwingine. Halafu saa: seva nyingi za kukodi zinasoma UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ukibandika +03:00 mwishoni bila kusogeza saa, ombi lako linafika likiwa limeshazeeka saa tatu. Na kiasi ukikisaini kama 5000 huku kwenye mwili wa ombi umetuma 5000.00, kwa mashine hivyo ni vitu viwili.

mzee_wa_funguo
HMAC ina kasoro moja isiyohusu hesabu: siri iko kwako na iko kwao. Ukizuka ubishi wa nani aliyevuta taarifa za mteja fulani saa nane usiku, saini ile haiamui kitu, maana pande zote mbili zinaweza kuitengeneza. Kwenye RSA ufunguo binafsi unao wewe peke yako.

Ugumu upo. Jenga, mlango wa benki ya Equity kwa waandika msimbo, inataka SHA256 kwa RSA, na kila huduma ina fomula yake. Kwa salio la akaunti ni msimbo wa nchi ukifuatwa na namba ya akaunti, bila hata nafasi katikati. Amazon Pay wamekwenda mbali zaidi, unasaini njia, vigezo, heda na heshi (muhtasari wa kihesabu) ya mwili wa ombi kwa RSA-PSS, aina ya saini ya RSA. Toleo lao la V2 linataka chumvi (baiti za bahati nasibu zinazochanganywa kwenye saini) ya baiti 32, la kabla yake lilitaka 20. Ukikosea chumvi, maktaba yako inasaini kimya kimya na huko unakataliwa.

Selcom hao hao wanapokea RS256 pia, yaani saini ya RSA. Kwa hiyo Fundi anaweza kuanza na HS256, ndiyo ile HMAC, akahamia baadaye.

Mama Seva
Mzee wangu, shikamoo. Huo ufunguo ulionao "peke yako" uko wapi? Ofisi moja niliyopita, faili la .pem, lenye ufunguo binafsi, lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, katikati ya picha za harusi.

mzee_wa_funguo
Marahaba. Hapo umenipata. Kama kijana wa kazi ndiye atakayeushika, RSA haikuongezei kitu.

Mwana wa Malindi
Jamani, mnabishania kufuli na hamjauliza anakwenda kuchukua nini humo ndani.

Saini haifichi kitu. Inathibitisha nani kauliza na kwamba swali halikuguswa njiani, kuficha ni kazi ya HTTPS. Jibu likishafika na jina na namba ya mtu, kijana akiliandika lote kwenye logi (kumbukumbu za mfumo), ndilo hilo linakaa wazi miaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata wewe mwenye duka. Chukua unachohitaji tu.

Na unahitaji nini? Huduma ya malipo inakujulisha aliyelipa. Huku kwetu analipa shemeji, analipa wakala, analipa bosi kwa laini yake. Anayesubiri mzigo ni mwengine kabisa. Fundi, ule wa Mbeya ulilipwa na nani?

nbi_msimbo
Aisee.

fundi_vipuri
Nimerudi. Nimemuuliza kijana. Alipiga namba iliyolipa, akapokea kaka wa mteja, akamuuliza "uko wapi?", yule akajibu Morogoro. Mzigo ukapandishwa basi la Morogoro.

Basi nabadilisha. Jina la mpokeaji, namba na stendi atajaza mteja kwenye fomu yangu kabla ya kulipa. Huduma ya malipo nitaiuliza jambo moja, oda hii imelipwa au bado, na namba ya mlipaji naihifadhi kwa ajili ya kurudisha pesa tu. Naanza na HS256. Siri nitaiweka mwenyewe kwenye seva, kijana abaki na ile ya majaribio.

Mama Seva, nimehesabu saini yangu. 88.

Mama Seva
Kama ni PHP, kwenye hash_hmac weka true nafasi ya nne.