Houston: dogo anadaiwa SR-22 na bima yangu mimi ndio inapanda, wajuzi naombeni mwongozo

Mtemi wa Katy:
Habari za muda huu wakuu, natumaini wote wazima. Niko Houston na familia, kuna jambo linanivuruga kichwa nimeona nililete hapa maana najua humu kuna watu wa bima na kuna waliopita njia hii.

Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ana miaka 22, anakaa kwangu toka atue. Kanunua ka-Corolla kwa hela yake mwenyewe ya ghalani, hapo nampa hongera zake. Shida bima. Alikuwa analipa kwa mwezi, akikwama mwezi mmoja inakatika, akipata anaifufua, akikwama inakatika tena. Mwaka jana polisi kamsimamisha, dogo kwa kujiamini kabisa anatoa simu anaonyesha kadi ya bima, afande anaangalia kompyuta yake anamwambia kijana hii kadi yako bima yake ilishakufa. Akapigwa tiketi. Akailipa onlaini hapo hapo kwa simu, mimi sikuambiwa. Mwaka huu tena kosa lile lile na safari hii spidi juu, kalipa zote mbili kimya kimya akajua kamaliza. Juzi barua kutoka DPS (idara ya Texas inayosimamia leseni za udereva), leseni inafungiwa mpaka apeleke kitu kinaitwa SR-22.

Bado sijamaliza. Kampuni yangu mimi ya bima (jina nalihifadhi) wameshajua kwamba kuna kijana wa miaka 22 ndani ya nyumba, wameniandikia nichague, nimuongeze kwenye bima yangu au nisaini fomu ya kumtoa. Kumuongeza bei inakaribia mara mbili!! Wife anasema ahame. Mama mdogo kapiga simu kutoka Morogoro analia kwamba nataka kumtupa mtoto ugenini kisa gari. Sasa SR-22 ni bima gani, inauzwa wapi, na hiyo fomu nisaini au nisisaini?

Kondakta Mstaafu:
Mpe namba ya Uber basi, mbona rahisi 😂

Nyaraka Tupu:
Pole mkuu. Mimi ni ejenti wa bima Dallas, si kampuni yako usiogope.

Kwanza SR-22 sio bima. Ni fomu ambayo kampuni ya bima inaipeleka DPS kusema huyu mtu tunamdhamini, ana bima hai ya kiwango cha chini cha Texas. Basi. Ndio maana akienda na kadi ya bima au hata mkataba wenyewe wanamrudisha, wanataka fomu. Na iliyomponza sio spidi, ni kukutwa na hatia ya kuendesha bila bima mara ya pili. Ya kwanza inaishia kwenye faini, dola 175 mpaka 350 na gharama za mahakama juu yake, ya pili faini inapanda 350 mpaka 1,000 na leseni inaguswa.

Sasa hapo kwenye kulipa onlaini ndipo vijana wetu wanapopigwa. Tiketi ya huku usiichukulie kama ile faini ya 30,000 ya Bongo unalipa kwa control number unaendelea na safari. Ukiilipa umekubali kosa, inaandikwa umetiwa hatiani, inaingia kwenye rekodi yako ya udereva na kampuni zote za bima zinaisoma. Wengi wanaangalia miaka mitatu nyuma. Dogo kalipa tiketi tatu maana yake kakiri makosa matatu bila hakimu hata kumuona sura.

Kiwango chenyewe cha chini wanakiita 30/60/25, yaani dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali ya watu. Ni kama ile bima ndogo ya gari ya kule Bongo, inamlipa uliyemgonga, Corolla yake yeye ikikunjika ni juu yake. Na wewe mwenye familia usikae na hiyo 25,000, ukigonga pikap moja mpya hapo kwenye barabara kuu ya I-10 imekwisha na salio unadaiwa wewe.

Bei ya kupeleka fomu ni ndogo, wengi wanachaji dola 15 mpaka 25. Kinachouma ni bima yenyewe maana ameshaingia kundi la madereva wa hatari. Na DPS anawalipa dola 100 ya kufunguliwa leseni.

Mjukuu wa Uvira:
Ndugu yangu pole sana. Mimi niko Fort Worth, mtoto wa dada yangu alipatwa na jambo kama hilo, kampuni zote zilimkataa, huyu anasema hapana, yule anasema hapana, wa tatu anataka hela kushinda bei ya motoka yenyewe. Kama wamemkataa kampuni mbili ndani ya siku 60 kuna mpango unaitwa TAIPA, ejenti yeyote mwenye leseni ya Texas anaweza kumuombea, wanampangia kampuni na hiyo kampuni haina ruhusa ya kukataa. Bei si ya mchezo lakini mtu anapata SR-22 na anaendelea na kazi. Muhimu aombe barua za kukataliwa aziweke.

Kitu kingine, ile permi (leseni) ya Kongo na miaka yote ya kuendesha kule hapa hawaihesabu. Mimi niliendesha lori Bukavu mpaka Uvira ile njia ya milima, wanaoijua wanaijua, nimefika hapa bima wananiandika dereva mpya sawa na mtoto wa shule.

Mwana wa Kayole:
@Mjukuu wa Uvira usiseme. Mimi nimeendesha matatu Nairobi miaka mingi na msichana wa bima ananiuliza "have you driven before" 😂😂

Boss lakini mbona unajisumbua hivyo? Badilisha tu anwani ya kijana, aandike anakaa kwa rafiki, bima yako inarudi chini na mama analala vizuri. Watu hufanya.

Nyaraka Tupu:
@Mwana wa Kayole ushauri huo unampeleka mtu shimoni. Leseni inasoma nyumba ya kaka, gari linalala kwenye uwanja wa kaka, barua za DPS zinakuja kwa kaka. Siku ya ajali ndio wanatuma mpelelezi wa madai, wakikuta ulidanganya makazi madai yanakataliwa na umeshalipa premiamu zote. Kampuni inapenda sana mtu wa hivyo.

Dada wa Alief:
Kaka Mtemi shikamoo, naomba niongelee hiyo fomu maana ejenti hajaigusa na ndio yenye moto. Ukisaini kumtoa, ina maana yeye akishika usukani wa gari LAKO, hata kwenda dukani kuchukua maziwa, hata wewe unaumwa anakukimbiza hospitali, hakuna bima kabisa. Hailipwi gari yako, halipwi aliyegongwa. Na akisimamishwa ndani ya gari hilo hesabu yake ni anaendesha bila bima, tiketi ya tatu ya bima hiyo. Huku tuna familia imepitia hivyo, mke alishamtoa shemeji kwenye bima, shemeji akachukua funguo mezani asubuhi na mapema watu wamelala, akamgonga mtu kwenye taa za barabara ya Bissonnet. Wakahangaika na mwanasheria wa yule mtu muda mrefu mno.

Kwa hiyo saini kama ana gari lake na bima yake, na funguo zako hazikai mezani. Kama unajua kwenu gari ni la wote, usisaini, muongeze ule hasara.

Na huyo dogo tiketi nyingine ikija asilipe. Aende mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, mkalimani wa Kiswahili aombe mapema. Ile ya spidi, kama hakuvuka kikomo kwa maili 25 au zaidi, angeomba kozi ya udereva wa kujihami, masaa sita onlaini, tiketi inafutwa na haihesabiwi, ila ni mara moja tu ndani ya miezi 12. Ya bima nayo kuna mahakimu wanaompa mtu muda wa matazamio, akikaa vizuri na bima yake haikatiki kesi inafutwa. Hayo yote yalikuwepo wakati yeye anabonyeza kulipa.

Mtemi wa Katy:
Marahaba dada, hapo kwenye funguo umenigusa, kwangu zinakaa kwenye bakuli pale mlangoni na kila mtu anachukua.

Nauliza, dogo anaingia kazini saa nne usiku na huku kwetu basi hakuna. Kwa sasa leseni imefungiwa, anaweza kuendesha kwenda kazini tu? Yeye anasema rafiki zake wanaendesha hivyo hivyo. Na akiliuza gari SR-22 inaisha?

Nyaraka Tupu:
Hao rafiki zake watamlipia wakili? Kuendesha na leseni imefungiwa ni kosa linalojitegemea, na akikutwa hana bima juu yake linapanda daraja, hapo unazungumzia jela sio faini. Kama kijana hajapata uraia bado, mambo ya kukamatwa huyataki kwenye faili lake.

Kuna leseni ya kazi, anaomba mahakamani, hakimu anatoa amri anaruhusiwa kwenda kazini, shule na shughuli za lazima za nyumbani. Kwa kawaida masaa manne kwa siku, akionyesha sababu wanaweza kufika 12. Anatembea na nakala ya amri ndani ya gari muda wote. Lakini hata hiyo inadai SR-22 kwanza, kwa hiyo anza na bima. Kwa kesi yake inawezekana akipeleka SR-22 na ile dola 100 leseni ifunguliwe bila kwenda kote huko, aangalie kwenye tovuti ya DPS sehemu ya hali ya leseni, inamuorodheshea anachodaiwa.

Kuuza gari hakuondoi. Ananunua bima ya asiye na gari, nayo inabeba SR-22, na inaweza kuwa nafuu. Ila anayekaa nyumba moja na gari lako asitegemee bima hiyo kuendeshea gari lako, wengi hawalipi kwa gari lililopo nyumbani. Na malipo yawe ya kukatwa benki siku mshahara unaingia, au alipe miezi sita yote, mchangieni. Bima ikikatika kampuni inawaarifu DPS na leseni inafungwa tena.

Mjukuu wa Uvira:
Na hiyo ya miezi sita inakuwaga na punguzo. Sisi tulimchangia kama michango ya harusi.

Kondakta Mstaafu:
Sasa nauliza kwa utulivu, hiyo SR-22 anakaa nayo mpaka lini? Nina mtu wangu naye.

Dada wa Alief:
Miaka miwili kwa Texas, na inahesabiwa toka siku aliyotiwa hatiani, sio siku aliyonunua bima. Kwa huyu dogo ni siku ile aliyolipa tiketi ya pili ya bima kwenye simu, risiti atakuwa nayo kwenye email, aitafute.