Chakula cha shule ni bure, sasa fomu ya mapato ya nini?

Mama Riziki, Brooklyn Park
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari zenu ndugu zangu. Shikamooni wakubwa.

Watoto wamefungua shule wiki iliyopita, na kama kawaida begi la siku ya kwanza limerudi na makaratasi mengi kuliko madaftari. Humo ndani kuna fomu inayouliza tuko wangapi nyumbani, nani anafanya kazi, na kila mmoja anaingiza shilingi ngapi, samahani, dola ngapi. Zamani niliijaza ili watoto wapate chakula. Lakini si tuliambiwa tangu 2023 kila mtoto wa jimbo hili la Minnesota anakula bure, wa tajiri na wa maskini? Sasa hii ya nini tena?

Baba Riziki anasema niitupe kwenye droo, siku hizi si za kumwandikia mtu mambo ya ndani. Mimi nimeiweka juu ya friji. Kila nikichukua maziwa inanitazama. Anayejua atufungue macho.

---

Mzee wa Zane
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Marahaba mama. Bwana yako yuko sawa. Mimi niko nchi hii tangu 1998 na nimeona tabia ya karatasi: ukijaza moja leo, kesho inakuja ya pili kuuliza ile ya kwanza ilisema nini.

Halafu hao wabunge wa jimbo kule Saint Paul walipitisha bajeti Juni, kama bilioni 66 za miaka miwili. Bilioni! Leo asubuhi nimetoka shifti, nikakunja kona ya kwetu, shimo liko pale pale liliponivunjia springi mwezi wa nne. Mtu aniambie hiyo pesa ilipita barabara gani, maana kwetu haikupita.

---

Da Rehema
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mzee wangu, shikamoo. Mama Riziki, pole na friji.

Mimi nakaa ofisi ya mbele katika shule moja ya huku kaskazini, sitaji jina lake, kwa hiyo fomu hiyo naijua kama ninavyoujua mkono wangu. Nivumilieni, nitaandika kirefu.

Chakula kweli ni bure. Sheria ilitiwa saini 17 Machi 2023, na jimbo ndilo linalofidia kile ambacho serikali kuu hailipi. Mtoto anapata kifungua kinywa kimoja na chakula cha mchana kimoja. Akitaka sahani ya pili, hiyo analipia, msije mkashangaa akaunti yake ina deni.

Ila fomu ile tangu zamani ilikuwa na kazi mbili, na sisi tuliiona moja tu. Ya pili ni kuhesabu. Jimbo lina fungu la fedha kwa shule zenye watoto wa familia za kipato cha chini, wenyewe wanaliita compensatory. Linakwenda kwa hesabu ya watoto wanaostahili katika kila jengo, na shule ambayo watoto hao wamejaa hupata zaidi kwa kila mtoto kuliko shule ambayo wamo wachache. Fedha hizo ndizo zinazolipa mwalimu wa ziada wa kusoma, msaidizi wa darasani, mtu wa kukaa na mtoto wa darasa la pili ambaye herufi bado zinamcheza. Hesabu ni ya vuli hii, mwanzoni mwa Oktoba. Fedha ni za mwaka unaofuata.

Chakula kilipokuwa bure kwa wote, wazazi wakaacha kujaza. Si hapa kwetu tu, jimbo zima. Nani ajisumbue? Tumbo la mtoto limeshiba, fomu inaenda kwenye droo ya Baba Riziki.

Sasa sikilizeni kinachotuumiza sisi hasa. Mtoto ambaye familia yake inapata SNAP (stempu za chakula), au MFIP (msaada wa fedha kwa familia), au ana Medical Assistance (bima ya afya ya kipato cha chini), huyo anaweza kuhesabiwa bila fomu. Kompyuta za jimbo zinaongea zenyewe. Nani hayumo kwenye kompyuta hizo? Ni yule mama wa kwetu anayepiga shifti mbili nursing home, nyumba ya kutunza wazee, na kusema "mimi stempu za chakula sichukui", wengine kwa heshima yao, wengine kwa kuogopa kuharibu makaratasi ya uhamiaji. Mwanawe anasoma, anakula, anacheza mpira, lakini kwenye hesabu ya jimbo amefichwa kama mwali wa ndani. Na mama huyo akijumlisha anakuta anastahili: mwaka huu familia ya watu wanne ni mpaka dola 59,478 kwa mwaka, ya watu sita mpaka 79,828, kabla ya makato. Wangapi humu tuko sita na hatufiki hapo?

Shuleni kwetu tulikuwa na dada wa kusoma na watoto, mpole, anaimba nao herufi. Mwaka uliofuata hayupo. Mzazi mmoja wa kwetu alikuja kulalamika kwangu kwa uchungu mkubwa, na mimi najua fomu yake sijawahi kuiona. Nilinyamaza. Ningemwambia nini mbele ya mtoto?

Mambo ya kujazia, haraka haraka:

Fomu haiulizi uhamiaji. Inaomba tarakimu nne za mwisho za Social Security, ile namba ya serikali kuu, ya mtu mzima anayesaini, na kama huna kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba huna. Basi.

Fomu moja inatosha watoto wote wa nyumba walio katika wilaya moja ya shule. Usijaze tatu, unatuchanganya.

Mapato ni yale ya kabla ya kukatwa kodi. Na pesa unayotuma nyumbani kila mwezi haipunguzwi. Najua inauma. Hakuna kisanduku cha ada ya mdogo wako Morogoro wala dawa za mama Kisii.

Kitu kingine kabla sijasahau, kwa wanaoandikisha mtoto mara ya kwanza: kuna karatasi ya lugha. Inauliza mtoto alianza na lugha gani na nyumbani mnaongea nini. Wazazi wetu wanaandika Kiingereza kwa fahari, na ndugu zetu wa Kongo wanaandika Kifaransa, halafu wanamgeukia mtoto: "Kuja hapa, funga hiyo mkoba!" Andikeni Kiswahili. Haimrudishi mtoto darasa. Inamfanya apimwe Kiingereza chake, na akihitaji msaada, jimbo linaongeza fedha za kumsaidia. Akifika sekondari, Kiswahili hicho hicho anaweza kukifanyia mtihani akapata muhuri wa lugha mbili kwenye cheti.

Mzee, shimo lako ni la jiji. Jimbo hutuma msaada kwa majiji Julai na Desemba, lakini wa kuamua shimo lipi lizibwe ni halmashauri ya jiji, na wale wanakaa jioni, mlango uko wazi kwa yeyote. Na wewe si unafanya kazi group home, nyumba ya kutunza watu wenye ulemavu? Basi bajeti unayosema haikupita kwenu, inapita mfukoni mwako kila baada ya wiki mbili. Viwango wanavyolipwa wenye hizo nyumba vinapangwa na jimbo. Washington inatoa sehemu, Saint Paul inatoa sehemu. Bosi akisema hakuna nyongeza mwaka huu, nusu ya jibu liko kwenye jengo la bunge lenye kuba.

---

Papa Fiston, Saint Paul
Jumanne, 9 Septemba 2025

Jambo wandugu. Aksanti sana Da Rehema, sisi tuliandika Kifaransa kweli. Nimecheka peke yangu ndani ya basi.

Lakini tuseme ukweli yote. Bajeti hiyo hiyo mnayoisifu imetoa watu. Iko baba mmoja tunasali naye, hana makaratasi, sukari iko juu, MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, ndiyo inamlipia insulini. Wameandika kwamba mwisho ni 31 Desemba kwa watu wazima wasio na makaratasi, watoto peke yao ndiyo watabaki. Tangu katikati ya Juni hawapokei mpya. Mimi nilikuja kama mkimbizi, niko salama. Yeye nitamwambia nini siku ya Mungu? Kwamba watoto wanakula bure?

---

Mzee wa Zane
Jumatano, 10 Septemba 2025

Fiston, hapo umegusa mahali.

Ninyi mnaokaa Saint Paul labda hamkumjua Melissa Hortman, lakini sisi wa Brooklyn Park alikuwa wetu, miaka ishirini bungeni. Chakula cha watoto kilipopita 2023, yeye ndiye alikuwa Spika. Mwaka huu bunge la wawakilishi liligawanyika, viti 67 kwa 67, hakuna mwenye nguvu. Wale wa chama cha pili walisema bila kuondoa hiyo bima ya watu wazima hakuna bajeti, na bila bajeti serikali inafunga 1 Julai. Nakumbuka 2011 walifunga siku ishirini, watu wakakaa nyumbani bila mshahara. Basi tarehe 9 Juni kura ikapigwa, 68 kwa 65. Kwa chama chake chote, yeye peke yake ndiye aliyepiga ndiyo. Alitoka akiongea na waandishi machozi yakimtoka.

Siku tano baadaye akauawa nyumbani kwake, yeye na mume wake.

Sikubaliani na kura ile mpaka leo. Na nilimlilia.

Jumanne ijayo, tarehe 16, ni uchaguzi mdogo wa kiti chake bungeni, eneo la 34B. Wenye uraia mnaokaa upande ule, hata kama hamjajiandikisha, Minnesota unajiandikisha hapo hapo kituoni siku ya kura. Kura moja iliamua sukari ya huyo baba wa Fiston, kwa hivyo mtu asiniambie kura moja ni nini.

Na Rehema, nimekubali hiyo ya mfuko wangu. Ya shimo bado.

---

Mhasibu wa Kijiji
Jumatano, 10 Septemba 2025

Nachomekea kidogo, maana msimu wa kodi ukifika mnanipigia simu wote usiku mmoja.

Papa Fiston, yule baba asisubiri Desemba. Aende sasa kwenye zahanati ya jamii inayotoza kwa kipato, aombe wamwandikie mpango wa insulini wakati kadi bado inafanya kazi. Minnesota pia ina mpango wa insulini kwa wanaoishiwa, wafamasia wanaujua. Aulize.

Wapangaji: jimbo linawarudishia wapangaji wa kipato cha chini sehemu ya kodi ya nyumba, na bado nakutana na watu wa miaka kumi hapa hawajawahi kuomba. Zamani iliombwa peke yake na hela zikaja Agosti. Kuanzia kodi ya mwaka 2024 inaombwa ndani ya fomu ya kodi ya mapato ya jimbo. Kama ulikaa unasubiri Agosti hii na hujaona kitu, ndiyo sababu, turudi tukarekebishe. Mwenye nyumba anatakiwa akupe cheti cha kodi ya nyumba uliyolipa, CRP, kabla ya mwisho wa Januari. Akizungusha, usimwombe kwa mdomo, mwandikie.

Watoto: tangu sheria ya 2023 jimbo lina nafuu ya kodi ya hadi dola 1,750 kwa mtoto, inapungua kadiri kipato kinavyopanda. Mwenye ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, anastahili pia. Hata kama hudaiwi kodi yoyote, pesa inatoka, lakini hujazi, hupati.

Na kuanzia 1 Januari 2026 mtaona makato mapya kwenye stabu ya mshahara. Si wizi. Ni likizo ya malipo, ya uzazi, ugonjwa au kumuuguza mtu wako, mpaka wiki kumi na mbili kwa sababu moja. Kabla hamjanipigia, someni kwanza stabu.

---

Mama Riziki, Brooklyn Park
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Jamani asanteni. Jana usiku nimeishusha fomu. Baba Riziki alikaa kimya kwanza, halafu akauliza yule dada wa kuimba herufi alikuwa shule gani. Nikamwambia Rehema hataji. Akasema, "Lete kalamu." Tumejumlisha shifti zake na zangu, tuko sita, na kumbe tumo, tena kwa mbali. Miaka miwili tumekaa droo!

Swali la mwisho Da Rehema, tusije tukaandika uongo. Yuko shemeji yangu anakaa chini kwenye basement tangu Machi. Anatupa dola mia nne kwa mwezi, anajipikia mwenyewe, ila Jumapili anapanda juu kula pilau. Nimhesabu?

---

Da Rehema
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Wanaohesabiwa ni wanaochanga kipato na matumizi, mnaokula chungu kimoja. Anajipikia na anajilipia yake, basi usimwandike, na hizo mia nne ziandike kwenye mapato yenu.

Pilau ya Jumapili haihesabiki. Ilete ofisini Ijumaa pamoja na fomu.