Mshono ndani ya "Strawberry Fields Forever"

Swali: Nasikia wimbo huu wa Beatles wa 1967 ni rekodi mbili zilizounganishwa. Kiungo kiko wapi, na zililinganaje?

Jibu 1: Vaa hedifoni, sikiliza dakika ya kwanza inapotimia, kabla tu ya neno "going". John Lennon, mtunzi na mwimbaji wake, alitaka mwanzo wa teki ya 7 (teki ni kila mara wimbo unaporekodiwa), iliyo tulivu, na mwendelezo wa teki ya 26, yenye tarumbeta 4 na selo 3. Shida ni kwamba ya 26 ilikwenda kasi zaidi na noti zake zilikuwa juu zaidi. Bahati ni kwamba mkanda ukipunguzwa kasi, noti nazo hushuka. Prodyuza George Martin na fundi sauti Geoff Emerick wakaiharakisha kidogo ya 7, wakaipunguza ya 26, zikakutana. Ilikuwa 22 Desemba 1966. Ndiyo maana baada ya hapo Lennon anasikika mzito, kama aliyelemewa na usingizi.

Jibu 2: Na zile "filimbi" za mwanzo si filimbi hasa. Ni Mellotron, kinanda ambacho kila kibonye huchezesha kipande cha mkanda. Aliyekipiga ni Paul McCartney, mwenzake Lennon katika Beatles.

Jibu 3: Ukitaka kulinganisha, tafuta Anthology 2, albamu ya Beatles ya 1996. Teki ya 1 imo, na ya 7 pia.